Maswali Yenu: Alama za Matairi Zipo, Kibao Hakuna, Je Hapo Ni Njia?

Theluji ikianza tu kuyeyuka huku magharibi ya Marekani meseji zenu zinaanza kumiminika, na safari hii nyingi ni za watu walionunua kwodibaiki (pikipiki ya magurudumu manne), saidi-bai-saidi (kigari cha porini ambacho watu wanakaa ubavu kwa ubavu) au 4x4 ya mkono wa pili, na sasa wanauliza waende wapi bila kuandikiwa tiketi. Mi naishi Utah mwaka wa kumi na nne huu, karibu kila wikendi yenye jua niko vumbini, kwa hiyo safu ya mwezi huu nimewaachia nyie watu wa vumbi peke yenu.

Jambo yaya (kaka mkubwa). Niko Salt Lake City na familia, sisi ni watu wa Uvira. Nilinunua kwodibaiki, siku ya posho (Jumamosi) tukaenda upande wa Moab, ule mji wa jangwani kusini mashariki ya Utah. Tukaona alama za matairi zinaingia kwenye korongo kavu, tukazifuata. Renja (askari wa ardhi ya umma) akatusimamisha akasema hapo si njia. Nikamwambia kibao hakuna, alama ziko, na hii ardhi ni ya serikali, ni ya watu wote. Alituachilia na onyo tu. Kosa letu ni gani?

Jambo ndugu yangu, kwanza shukuru umepewa onyo, mi mwaka wangu wa pili huku nilifanya hivyo hivyo kwenye korongo kama hilo na nikaandikiwa tiketi, nikarudi nyumbani nimenuna nikisema huyu renja ana roho mbaya. Baadaye nikakaa nikasoma, nikaelewa kwamba swali nililokuwa najiuliza lilikuwa na kasoro. Nilikuwa nauliza nani amenikataza kupita hapa, wakati swali la kuuliza ni nani ameniruhusu.

Zamani ilikuwa kama unavyofikiria wewe, yaani porini unapita popote isipokuwa pale palipofungwa. Miaka ya sitini mwishoni pikipiki za mashambani na magari ya mchangani yakawa mengi, milima ikachimbika, malalamiko yakazidi, ndo tarehe 8 Februari 1972 Rais Nixon akasaini amri namba 11644 kuziambia idara zote zinazoshika ardhi ya umma ziamue wapi haya magari yapite na wapi yasipite, na njia ziwekwe mahali ambapo hazitaharibu sana udongo na maji, hazitasumbua wanyama na hazitagombanisha watumiaji. Mwaka 1977 Rais Carter akaongezea kwamba idara ikiona eneo linaharibika vibaya ilifunge mara moja. Na mwaka 2005 Idara ya Misitu ikatoa kanuni ambayo kwa mtu kama mimi na wewe ndo yenye uzito kuliko zote, kwamba kila msitu wa taifa utoe ramani ya magari, wenyewe wanaiita kwa kifupi MVUM, na njia ambayo haimo kwenye hiyo ramani imefungwa. Haijalishi kuna kibao au hakuna.

Nalirudia hilo la kibao manake ndo linalowaponza watu wetu wengi. Vibao vinang'olewa, vinapigwa risasi, vinaangushwa na theluji, na msituni sheria haisubiri kibao kirudishwe. Ukiwa na ramani umeshaambiwa. Ramani yenyewe ni ya bure, ya karatasi unaichukua ofisi ya msitu husika, na unaweza kuishusha kwenye simu kupitia programu ya Avenza, ukiwa porini hamna mtandao bado inakuonyesha umesimama wapi. Ni ramani ya rangi nyeusi na nyeupe, haina milima wala urembo, mtu wa kwanza kuiona anaweza kuidharau lakini hiyo ndo karatasi ambayo renja anaifungua mbele yako. Kukiuka sheria hiyo msituni adhabu ya juu kabisa ni faini ya dola 5,000 au miezi sita ndani, kwa kawaida hawafiki huko, ila nimeandika ujue si jambo la mchezo.

Sasa nyie mlikuwa Moab, na huko sehemu kubwa si msitu, ni ardhi ya BLM (Bureau of Land Management), ile idara ya serikali kuu inayoshika kama ekari milioni 245, wakati Idara ya Misitu ina kama milioni 193. BLM wanagawa ardhi kwa mafungu matatu. Kuna eneo la wazi, humo unazunguka unavyotaka. Kuna eneo lenye mipaka, humo unapita kwenye njia zilizoteuliwa tu, na mengine yana tarehe za msimu. Na kuna eneo lililofungwa kabisa kwa magari. Sehemu kubwa ya ardhi ya BLM upande wa Moab ni hilo fungu la katikati, kwa hiyo zile alama za korongoni zilionyesha kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu alikosea kabla yenu, na nyie mmezikoleza ili anayefuata aziamini zaidi. Tafuta zile fito za kahawia zinazopinda, zimebandikwa stika za alama za magari na namba ya njia. Na kabla hujatoka nyumbani piga simu ofisi yao uulize, wanapokea vizuri tu.

Kuhusu ardhi kuwa ya watu wote, umesema kweli na mi naipenda sana hiyo kweli. Lakini wote ni pamoja na mfugaji mwenye kibali cha kulishia ng'ombe pale, mtu anayetembea kwa miguu na mtoto mgongoni, mwindaji, na Wahindi Wekundu wa asili wa eneo lile ambao wazee wao wamezikwa kwenye makorongo hayo hayo. Wote hao wana haki sawa na sisi wenye injini.

Mkitaka kuachia gesi na watoto wafurahi nendeni Knolls, kule magharibi ya Salt Lake ukifuata I-80, au Little Sahara kusini, hayo yana maeneo ya wazi, mnalipia kiingilio mnacheza siku nzima bila wasiwasi wa kupotea njia.

Niaje kaka. Niko Phoenix. Kuna saidi-bai-saidi poa sana nataka kununua, upana wake ni inchi 64, na jamaa anayeuza ananiambia itapita kila njia huko msituni juu Flagstaff. Nimwamini?

Usimwamini bana, chukua futikamba kwanza. Kwenye ramani ya msitu kila njia imeandikiwa ni ya nani. Kuna barabara za magari yenye namba za barabarani tu, humo chombo ambacho hakijasajiliwa kwa barabara hakiruhusiwi hata kama ni barabara ya vumbi tupu. Kuna barabara za vyombo vyote. Kuna vijia vya vyombo vyote, kuna vijia vya vyombo visivyozidi inchi 50 yaani mita 1.27, na kuna vijia vya pikipiki ya magurudumu mawili peke yake. Vipo pia vimeandikiwa upana wake maalum, soma maelezo ya pembeni ya ramani. Wewe na inchi zako 64 kile cha inchi 50 umeshakikosa, na sehemu nyingi utakuta mlangoni wamesimika nguzo mbili, hupenyi.

Kuna watu wanazunguka zile nguzo, na hapo ndo naumia kweli, kwa sababu inchi 50 haikutajwa tu ili kukomoa mtu. Kijia cha pembeni mwa mlima kimechongwa kama shelfu, upande mmoja ukuta upande wa pili ni bonde, ukipitisha chombo kipana gurudumu la nje linakanyaga ukingo, ukingo unamomonyoka, mvua ya kwanza ikija maji yanaingia kwenye huo mpasuko badala ya kutiririka pembeni, na baada ya msimu mmoja au miwili kijia kimekuwa mtaro na msitu unakifunga kwa kila mtu hata kwa yule wa inchi 48 aliyekuwa anafuata sheria.

Pima sehemu pana kuliko zote, kwa kawaida ni nje ya tairi hadi nje ya tairi, na kama muuzaji amefunga matairi makubwa au spesa (vyuma vya kusogeza magurudumu nje) usisome karatasi ya kiwandani, pima mwenyewe. Halafu angalia kwenye eksozi kama kuna kizuia cheche, msituni kinatakiwa na renja anaweza kuomba kukiona. Mtu akitoa kile kidude ili chombo kingurume, cheche moja kwenye nyasi kavu za Juni inatosha kuunguza mlima.

Shikamoo kaka. Mwanangu ana miaka 12, baba yake anataka amfundishe kuendesha kwodibaiki hapa Utah. Mimi nina hofu. Sheria inasemaje?

Marahaba dada. Kuanzia Januari 2023 hapa Utah kila anayeendesha hivi vyombo kwenye ardhi ya umma lazima awe na cheti cha kozi, na baba naye yumo. Ya watu wazima ni ya bure na unaifanya kwenye intaneti. Watoto chini ya miaka 18 wana kozi yao. Helmeti kwa aliye chini ya miaka 18 ni lazima, hata akiwa amepakiwa tu.

Hofu yako mi naiheshimu. Zaidi ya sheria angalia kibandiko kwenye chombo chenyewe, mtengenezaji ameandika umri wa chini wa kukiendesha. Kama kimeandikwa miaka 16 basi mtoto wa miaka 12 asikae kwenye usukani wake, hata kama baba anasimama pembeni, hata kama ni dakika tano. Chombo kikubwa kikipinduka uzito wake hauinuliki na mtoto, na mara nyingi haupinduki mbali, unamwangukia yeye. Tafuteni kidogo cha saizi yake. Hapo sibembelezi mtu.

Kaka tusaidie kumaliza ubishi wa nyumbani. Mume wangu anasema jangwa ni mchanga tu, hakuna kinachoota, sasa ukipita pembeni ya njia unaharibu nini? Mimi nasema kuna kitu, ila siwezi kueleza. Sisi tuko St. George.

Umeshinda dada, na mwambie shemeji asome hapa taratibu.

Kuna siku nilikutana na renja mmoja, mama wa makamo, tukasimama kuongea njiani na mi nikauliza swali la mumeo neno kwa neno. Hakunijibu. Alichuchumaa pembeni ya njia akanionyesha udongo mweusi wenye vinundu vinundu, ukiuona kwa mbali utadhani ni uchafu au mkaa uliomwagika. Akafungua chupa yake ya maji akamwagia kidogo sana, kama kijiko. Akaniambia angalia. Haikufika hata dakika ule weusi ukaanza kugeuka kijani pale pale machoni pangu, kijani kabisa kama mwani, na mi nimekaa nimeduwaa. Ulikuwa mzima. Ulikuwa umelala unasubiri maji.

Ule ni udongo hai. Ndani yake kuna bakteria wadogo wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, wana nyuzinyuzi za kunata zinazoshika chembe za mchanga kama mtu anavyoshona mkeka, na juu yake zinakaa laikeni, yaani kuvu na mwani walioungana, pamoja na mimea midogo laini ya kijani inayoitwa moss. Huo mkeka unashikilia mchanga usipeperuke, unaweka naitrojeni ardhini, na unasaidia mbegu zipate pa kushika. Tairi likipita mara moja tu unavunjika kama papadi. Sehemu nyingine unachukua miaka michache kuanza kurudi, lakini kurudi wote na vilivyo juu yake ni miongo na miongo.

Na madhara hayabaki pale pale. Mkeka ukivunjika mchanga unakuwa vumbi, upepo wa mwanzo wa mwaka unalibeba vumbi hadi kwenye theluji ya milima ya Colorado, theluji ikichafuka inanyonya jua badala ya kulirudisha, inayeyuka mapema kuliko inavyotakiwa. Sasa theluji hiyo ndo maji ya mto Colorado, na mto huo unanywesha watu mamilioni mpaka huko Phoenix kwa yule ndugu wa inchi 64.

Kuhusu muda, mpe mumeo hili. Mwaka 1942 Jenerali Patton alifundishia vifaru vyake kwenye jangwa la Mojave, kujiandaa na vita ya Afrika Kaskazini. Njia za vile vifaru bado zinaonekana leo, zaidi ya miaka 80. Mtu aliyeziweka hayupo, vita imeisha, alama zipo. Na jangwa hilo hilo ndo nyumbani kwa kobe wa jangwani anayelindwa na sheria, ambaye analala kwenye shimo, wewe ukipita juu ya shimo hata huoni ulichokifunika.

Kwa hiyo mkikutana na gari jingine njia nyembamba usitoke kukanyaga pembeni, rudi nyuma mpaka penye mwamba au mchanga mtupu wa njia. Na kukiwa na dimbwi la matope katikati pita katikati, usilizunguke, manake ukilizunguka wewe na mwenzako akapita nje ya alama zako, mwisho wa msimu njia ya mita mbili imekuwa uwanja.

Mambo vipi. Juzi huku Idaho tumekutana na watu wa farasi kwenye kijia, mmoja wa farasi akashtuka karibu amwangushe mtu. Sisi tulikuwa tumepunguza mwendo. Tulikosea?

Kupunguza haitoshi. Simama, zima injini, kaa upande wa chini wa mteremko kwa sababu farasi akiogopa mara nyingi anakimbilia juu, halafu vua helmeti na uongee. Hata salamu tu. Farasi anaona kitu hakina uso kinanguruma, akisikia sauti ya mtu anatulia. Muulize mwenye farasi anataka upite au apite yeye, na usiwashe mpaka wamekwenda mbali.

Mkiwa wengi, wa mbele awaonyeshe vidole ni wangapi wanafuata nyuma, na wa mwisho aonyeshe ngumi. Hii ishara inatumika hata kwa wenye baiskeli na wenye pikipiki, jifunzeni.

Kwodibaiki yangu ina namba za barabarani za Utah. Nataka kuingia nayo Arches au ile White Rim ya Canyonlands. Inaruhusiwa?

Hapana. Mwaka 2019 ilitoka ruhusa ya kuingiza vyombo vya namna hiyo kwenye hifadhi za taifa za Utah, watu wakapinga, ikafutwa kabla haijaanza. White Rim ni barabara ya vumbi ya maili 100 ndani ya hifadhi ya Canyonlands, unaingia na 4x4 ya kawaida au pikipiki yenye namba au baiskeli, na kibali unachukua kabla. Kwa sisi wa kutoka Tanzania hii isitushangaze, hata Serengeti huwezi kuchepuka barabara kwa sababu tu gari lako lina kibali cha barabara.

Kaka, tuko San Diego, tunaenda kwenye matuta ya mchanga ya Imperial na vijana. Tubebe nini?

Kibali cha eneo, na kila chombo kiwe na fimbo ya bendera, bendera ifike futi 8 kutoka chini. Watu wengine wanaidharau hiyo bendera lakini kwenye matuta ndo inakuokoa, manake wewe unapanda upande huu na mwenzako anapanda upande ule, hamuonani mpaka mko kileleni wote wawili. Kelele California mwisho ni desibeli 96 kwa vyombo vilivyotengenezwa kuanzia 1986. Na sehemu zilizowekewa alama kulinda mimea msipite ndani yake, hata kama tuta lake linavutia.

Habari ya kazi. Nasikia BLM wamefunga njia nyingi sana karibu na Moab, nyingine nilikuwa nazipenda. Sisi wageni tuna sauti gani? Mimi bado nina grini kadi tu. Msomaji, Aurora, Colorado.

Swali lako ndo nililiweka la mwisho makusudi kwa sababu nalitaka sana.

Ni kweli, Septemba 2023 BLM walitoa uamuzi wa eneo la Labyrinth Rims na Gemini Bridges, kama ekari laki tatu, kwenye njia zaidi ya maili 1,100 wakafunga maili 317. Wenye 4x4 wakakasirika, wenye mitumbwi ya mto Green chini ya korongo wakafurahi manake walikuwa wanasikia injini juu ya vichwa vyao siku nzima, na mpaka leo watu bado wanavutana. Mi binafsi kuna njia mbili pale nazisikitikia na kuna nyingine nasema ilichelewa kufungwa, niliiona imechanika pande tatu mpaka huwezi kujua ipi ndo ya mwanzo.

Lakini kabla ya kufunga au kufungua, wanatangaza na wanapokea maoni ya umma, na kwenye maoni hakuna anayeulizwa uraia. Grini kadi, mkimbizi, mwanafunzi, yeyote anaandika. Wenzetu wa hapa wanajua hilo na wanaandika kwa mamia, sisi tunalalamika kwenye magrupu ya WhatsApp halafu njia ikifungwa tunasema hatukuulizwa.

Ila andika kitu chenye mwili. Ukiandika "msifunge njia zetu" wanakihesabu wanakiweka pembeni. Andika namba ya njia, andika tarehe uliyopita, ulikuwa na chombo gani, uliona nini, kama kuna sehemu imemomonyoka ipo maili ya ngapi, na unapendekeza nini, labda ifungwe kipindi kondoo wa milimani wanapozaa badala ya mwaka mzima, labda ihamishwe mita hamsini ipite kwenye mwamba. Hicho si rahisi kukiweka pembeni. Weka na picha. Na usiandike namba ya simu wala mambo yako ya ndani kwenye barua yenyewe, maana maoni yanaweza kuwekwa wazi kwa umma.

Kiingereza kisikuzuie, kiwe kifupi, sentensi kumi zinatosha. Ukikwama nitumie rasimu hata kwa Kiswahili, tutaikalia pamoja kabla siku za maoni hazijaisha, na zile njia mbili ninazozisikitikia nitakupa namba zake uende ukazione kwenye ramani.